Zamu ya Asubuhi ya Doreen Pickup

Jumatatu moja ya Februari, Sheeja Varghese alisimama kwenye mlango wa ofisi ya makao ya wazee ya Hollin Bank, trei ya bakuli za uji mkononi, akimtazama meneja wake akijaza takwimu za wafanyakazi. Glenys Haworth alikuwa ameianza kazi hiyo mara kadhaa tangu mwaka mpya, na kila mara kengele ya chumba fulani ililia akaiacha. Kila mhudumu alitakiwa aingizwe kwenye kompyuta: jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi, zamu, mshahara, vyeti. Makao ambayo takwimu zake hazijakamilika mpaka mwisho wa Machi hayapati ruzuku ya kusomesha watu wake, na mwaka huo aliyeombewa ruzuku alikuwa Sheeja.

Alihitaji cheti ili awe msimamizi wa zamu. Bila usimamizi kibali chake cha kazi kingeisha Agosti na kisingerefushwa, na yeye na mumewe Biju na binti yao Anumol wangefungasha virago warudi Kerala, India, wakati mtoto ameshaanza kuota kwa lafudhi ya Kiingereza cha Lancashire. Kwa hiyo alisimama pale mlangoni, uji ukipoa, akahesabu majina moyoni kila Glenys alipobonyeza.

Doreen Pickup akapita ubavuni mwake na kigari chake cha kutembelea, kitambaa cha vyombo begani. Alikuwa na miaka tisini na moja, na kila asubuhi alileta swali lilelile.

"Glenys, mbona jina langu silioni? Leo niko zamu gani?"

Pale Hollin Bank hakuna anayembishia mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Akikwambia anangoja basi, unamuuliza la kwenda wapi. Akisema mama yake yuko jikoni, unamuuliza anapika nini. Ukimkatalia utamliza bure, na baada ya robo saa atauliza tena. Isitoshe, Doreen hakuwa akiota mambo mageni. Alikuwa mhudumu wa nyumba hiyohiyo kwa miaka thelathini na ushei, mpaka magoti yalipomgomea. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, ila zizi hili lilikuwa la kulipia. Nyumba yake ya Mtaa wa Plover iliuzwa ili apate chumba cha ghorofani, na fedha za nyumba zilikuwa zinakwisha mwezi baada ya mwezi, kama sabuni.

"Uko zamu ya asubuhi, mpenzi," Glenys alisema bila kuinua macho. "Jumatatu mpaka Jumapili."

Na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa kwenye vibonye, na wikiendi nzima hakulala vya kutosha, akayaandika aliyoyasema. Doreen Pickup, mhudumu, zamu ya asubuhi. Kompyuta ikampokea, ikatoa alama ya vema ya kijani, na Glenys akaenda kwa anayefuata. Sheeja aliliona kosa, lakini wakati huo kengele ya Wilf Catterall ilikuwa inalia, naye akaondoka na uji wake.

Kesho yake saa moja asubuhi, wafanyakazi walikuwa wakikabidhiana zamu katika chumba cha chai. Dougie, aliyekesha, alisoma hali za wazee chumba kwa chumba.

"Wilf amelala vizuri. Bibi Rigby amekunywa maji kidogo. Doreen..." Dougie akaangalia kando ya birika. "Doreen, umelalaje?"

"Kama gogo," alisema Doreen.

Asubuhi hiyo alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Nywele zake za kahawia alizibana kisogoni, na alivaa sare ya mtindo wa zamani, yenye mkanda kiunoni na saa ya kubandika kifuani, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Magoti yalikuwa sawa kabisa.

"Haya, wapenzi, chai itatungoja," alisema akikunja mikono ya sare. "Nani kalowa?"

Walikuwa wamezoea kuwa watatu kwa wazee kumi na wanane. Siku hiyo wakawa wanne. Saa nne wote walikuwa wamekwishaoshwa, wamevalishwa na kulishwa, na Bibi Rigby alikuwa amepakwa rangi ya kucha. Wilf, aliyeendesha basi maisha yake yote na asiyekula mpaka aambiwe abiria wametulia, alikula bakuli zima. Sheeja alikaa kitini akanywa chai ingali ya moto. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliunguza ulimi kazini, na machozi yakamlengalenga kwa furaha.

Jambo pekee lililohitaji uamuzi siku hiyo lilikuwa la mpishi. Aliuliza kama kifungua kinywa cha Doreen akihesabu upande wa wakazi au wa wafanyakazi. Glenys akasema wakazi, maana huko ndiko kulikolipiwa.

Saa tisa alasiri, zamu ilipokwisha, Doreen alitundika kitambaa, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, na alipomaliza kushusha pumzi alikuwa ana miaka tisini na moja. Sheeja, aliyekuwa na zamu mbili mfululizo siku hiyo, alimletea beseni la maji ya vuguvugu. Miguu ya Doreen ilikuwa imevimba.

"Nimefanya nini leo, mpenzi?"

"Umefanya kazi, Ammachi." Ndivyo walivyowaita bibi zao huko kwao.

"Nilijua tu. Ninavyochoka hivi si kwa kukaa."

Mambo yakaendelea hivyo. Asubuhi Sheeja alimwita Chechi, dada mkubwa, na Doreen akamtania kwamba anatandika kitanda kama mtu anayefunga kifurushi cha posta. Alasiri alimwita Ammachi, akamkatia mkate vipande vidogo na kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi aliyotoka nayo nyumbani. Ruzuku, ikitoka, ingemlipa mwalimu. Isingemlipa mtu wa kushika nafasi ya anayesoma, na kwa sababu hiyo watu wengi wa Hollin Bank waliwahi kuanza masomo wakayaacha njiani. Sheeja alikuwa ameshaanza darasa kwa ahadi ya ruzuku, na siku za darasa aliyeshika nafasi yake alikuwa Doreen.

"Nitakulipa nini mimi, Chechi?" Sheeja alimuuliza asubuhi moja wakigeuza godoro.

"Shika ncha yako vizuri, inanitosha."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli, unaiachia ncha. Mimi sikusomeshwa, Sheeja. Kila mwaka walisema mwakani. Wewe nenda ukasome, kisha uje unifundishe hiyo mashine ya kuinulia watu, maana naona inataka kuninyonga."

Wiki ya mwisho ya Machi akaja Bwana Ormerod kutoka ofisi ya ruzuku, mtu mpole mwenye soksi za sufi, kompyuta yake kifuani kama mtoto mchanga. Takwimu za Hollin Bank zilikuwa zimekwama. Alikaa ofisini, na Sheeja aliitwa kwa kuwa ombi lilikuwa lake. Doreen aliingia na fagio la maji.

"Inua miguu, mpenzi."

Bwana Ormerod akainua miguu, akamtazama, akatazama kompyuta.

"Wewe ndiye Doreen Pickup? Tarehe ya kuzaliwa?"

"Novemba, mwaka thelathini na tatu."

"Umejitunza."

"Rudi saa tisa unisifie tena."

Akaweka alama ya vema. Tarehe haikuwa na tatizo, alieleza. Mfumo hauna ukomo wa umri. Tatizo ni mshahara. Nafasi ya mshahara wa Doreen ilikuwa wazi, na takwimu zenye nafasi iliyo wazi hazipokelewi, na zisipopokelewa hakuna ruzuku kwa mtu yeyote wa nyumba hiyo. Dirisha la maombi lingefungwa Ijumaa.

Glenys alimpigia simu mwenye makao. Sauti ya mwenye makao ilisikika mpaka kwenye korido, ingawa haikuwa ya hasira. Alisema Doreen ni mkazi, na mkazi analipa, halipwi. Akauliza kama malipo ya Aprili yameshaingia. Yalikuwa yameingia.

"Basi naweza kumfuta," Bwana Ormerod alisema. "Ni kubonyeza mara moja."

Sheeja aliangalia sakafu iliyokuwa bado inang'aa maji. Akifutwa Doreen, takwimu zitapita na ruzuku itatoka, lakini asubuhi ya darasa watabaki wawili kwa wazee kumi na wanane, na Glenys atamwambia, kwa huruma yote, kwamba wiki hii haiwezekani, labda ijayo. Agosti haikuwa mbali. Alitaka kusema, "Msimfute," akaogopa kwamba anajisemea yeye mwenyewe.

"Huyu binti ana darasa Alhamisi," Doreen alisema, akikamua tambara. "Nani atamshikia?"

"Ndiyo hapo," Glenys alisema.

"Hicho kimashine chako hakina njia nyingine?"

Bwana Ormerod akashuka na kidole mpaka mwisho wa orodha. "Ipo ya mtu wa kujitolea. Wa kujitolea haulizwi mshahara."

"Niandike hiyo."

"Ni lazima uwe umeridhika mwenyewe."

"Nimefanya kazi hapa tangu hujaota meno, na sijawahi kulipwa cha kumwambia mtu. Andika, mpenzi, sakafu inakauka."

Akaandika. Alama ya kijani ikatoka, na ombi la Sheeja likapita palepale. Glenys alilia kidogo, akapenga kamasi, akatoa bati la biskuti nzuri, zile zinazofichwa. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa mgeni wa kulipia, na jembe alilichukua mwenyewe. Sheeja alimkumbatia na fagio lake, akamshukuru kwa Kiingereza na kwa Kimalayalam cha kwao, na aibu iliyokuwemo ndani ya shukrani hiyo hakujua aiweke wapi. Alasiri alimpikia Doreen payasam, tambi za maziwa na sukari, na Doreen akauliza ni sikukuu gani.

Juni Sheeja alipata cheti, na Julai kibali kikarefushwa. Anumol alichora picha ya kumshukuru Doreen: alichora wanawake wawili, mmoja kijana na mmoja mzee, wameshikana mikono, maana hakuna aliyemweleza kwamba ni mtu mmoja. Picha ikabandikwa kwenye kabati la shuka.

Kazi ya kwanza ya msimamizi mpya ilikuwa kupanga ratiba ya zamu. Sheeja alipoitandaza mezani aliona kwamba tangu Februari Doreen hakuwa na siku hata moja ya kupumzika. Hakuna mwingine aliyefanya kazi hivyo; sheria yenyewe haikuruhusu, lakini sheria iliwahusu wanaolipwa. Moyo ukamuuma. Kumlipa hakuwa na uwezo. Kumpumzisha alikuwa nao sasa. Akaandika: Doreen Pickup, Jumapili, mapumziko. Aliipamba kwa ua dogo pembeni, akaona kwa mara ya kwanza amemfanyia jambo la maana.

Jumapili Doreen hakushuka. Alibaki na miaka yake tisini na moja, ghorofani, kitandani. Mhudumu mmoja alipiga simu kwamba mtoto wake ana homa, na wakala wa vibarua hakuwa na mtu wa kuleta. Sheeja na mwenzake walikimbia tangu saa moja. Wilf akaanguka, ikabidi wakae naye mpaka gari la wagonjwa lifike. Bibi Rigby alikataa nguo zote isipokuwa ile iliyokuwa kwenye mashine ya kufulia. Kengele ya Doreen haikulia hata mara moja, kwa hiyo chumba chake kikasogezwa nyuma, kikasogezwa tena.

Ilikuwa karibu saa sita Sheeja alipofungua mlango. Doreen alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi. Shuka lilikuwa limelowa tangu alfajiri na lilikuwa limeshapoa. Chai iliyoletwa na mpishi ilikuwa mezani, mbali na mkono wake.

"Ammachi! Mbona hukupiga kengele?"

"Nawasikia wasichana wanavyokimbia," Doreen alisema. "Kazi yenyewe naijua. Nikasema wasinijie mimi kwanza."

Sheeja alimgeuza, akamwosha, akamkausha katikati ya vidole vya miguu, akamvisha gauni la pamba. Alikuwa akilia, hakujificha. Alimwambia samahani, kwamba hakumsahau, kwamba alitaka apumzike japo siku moja kwa yote aliyomtendea yeye na mtoto wake. Doreen alimpapasa shavu kwa mkono mkavu mwepesi, kama anayembembeleza mtu asiyemfahamu vizuri.

"Mpo wangapi leo?"

"Wawili."

"Wawili! Ungetuma mtu aniite, mpenzi. Ningeshuka kuwasaidia."

Jioni ile Sheeja aliichukua ratiba akaifuta Jumapili, pamoja na ua. Aliandika jina la Doreen siku zote saba. Alitafuta mahali pengine pa kutoa mtu, akakosa.

Jumatatu saa moja Doreen alikuwa amesimama kando ya birika, magoti yake mazima, sare imenyooka. Alimshika Sheeja bega.

"Asante ya jana. Umenikausha vizuri. Wengi husahau vidole."

"Asante wewe, Chechi," alisema Sheeja. Alilisema hilo kwa moyo wake wote.

Dougie akasoma hali za wazee. Doreen akakunja mikono ya sare, akapanda ghorofani, akaanza na chumba chake mwenyewe, maana kitanda cha huko kilikuwa bado hakijatandikwa.