Mkanda wa Koplo Mwangangi

Tangu tutoke nyumbani mtaa wa Jamhuri nilikuwa namkanya baba: tukifika kwa huyo mtu, usisimame wima. Wewe ni raia, una miaka sabini na moja.

Siku hizi mwanajeshi akishtakiwa anaingia mahakamani na wakili wake, na akishindwa anakata rufaa. Mwaka 1986 baba yangu, Koplo Mwangangi, alikutwa amelala lindoni, malaria imemwangusha. Aliamriwa avue kofia na mkanda, akaingizwa mbiombio ofisini mwa mkuu wa kambi, akatoka amefukuzwa. Cheti chake kinasema "utovu wa nidhamu". Anataka maneno hayo yafutwe kabla hajafa. Jaji mjini amekubali kutusikiliza, ila tulete maelezo yenye sahihi ya aliyemhukumu. Mtu mwenyewe ni Kanali Ndegwa, amestaafu, anaishi Kitisuru.

Tulimkuta bustanini akila mbavu za mbuzi na rafiki yake Clifford. Hakutukaribisha kuketi. Niliweka karatasi ya maelezo na kalamu mezani, akaisoma kwa kidole chenye mafuta.

"Ati hukupewa nafasi ya kujitetea?" aliuliza. "Si hiyo ndio ilikuwa nidhamu? Siku hizi kijana anakuja na lawyer, mnabembelezana. Clifford, ngoja nikuonyeshe vile tulikuwa tunafanya."

Akasimama, mdomo umejaa nyama. "Koplo! Kofia, mkanda!"

"Baba, wacha," nilisema. Lakini mikono yake ilikuwa imeshafika kichwani. Alivua kofia, akavua mkanda, akapiga mguu nyasini huku suruali ikimteleza.

"Kushoto, kulia, kushoto, kulia! Simama! Ulilala lindoni. Una hatia. Toka!"

Clifford alicheka hadi akapaliwa. Nilimchukia yule mzee na mafuta yake kidevuni, nikajichukia na mimi, kwa sababu wakati wote jicho langu lilikuwa kwenye kalamu.

"Umeona? Haijafika hata dakika moja," Kanali alimwambia Clifford, akifuta machozi ya kicheko. Kisha akatia sahihi bila haya. "Yote hapo ni ukweli. Peleka."

Nikamshika baba mkono hadi garini. Tulikuwa tumeshapita Westlands nilipoona mkanda ungali mapajani mwake, ameukunja vizuri.

"Baba, sahihi tumepata. Vaa mkanda basi."

Aliutazama.

"Hajasema nivae, mami."