Mwisho Uliofungiwa Karanga

Kuanza kitabu, Gaudiosa hakuwahi. Kumaliza, alikuwa amemaliza vingi sana.

Sababu ni karanga. Alizikaanga nje ya geti la chuo cha ualimu, kwenye karai la mchanga, na karatasi za kufungia alizichukua sokoni Sumbawanga, zile za kupimwa kwa mizani. Humo huwa mna kila kitu: mitihani iliyosahihishwa, kalenda za miaka iliyokwisha, magazeti, na vitabu vilivyokufa. Na kitabu kikianza kufa, kinaanzia mkiani. Kurasa za mwisho ndizo zinazoachia gundi mapema, zinadondoka, zinafagiwa, mwisho wake zinafika kwa Gaudiosa.

Aliishia darasa la saba kwao Pito, lakini kusoma hakukumwisha. Kabla ya kukunja karatasi aliisoma, mbele na nyuma, midomo ikicheza. Alijua nani aliolewa na nani, nani alisamehewa. Alichokosea huyo aliyesamehewa, hakukijua. Alikuwa amezoea hivyo, kama mtu anayefika arusini wakati wa kukunja maturubai.

Mteja wake wa kila siku alikuwa Valeria, mwanachuo wa mwaka wa pili, mtoto wa Kasanga. Joto la ziwani lilikuwa limemlea vibaya. Mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukishaanza kazi yake, Valeria alivaa masweta mawili na kitenge juu yake, na mapumziko ya saa nne yakifika alikuja kuota jiko na kulalamika. Karanga zilikuwa kisingizio tu.

"Mwalimu wangu, umeamkaje?" Gaudiosa alimwuliza Jumatatu ile.

"Nimeamka nimekasirika, dada Gau."

"Na nani leo?"

"Na maji, na Cornelia, na kitabu. Kwa mpangilio huo huo."

"Haya, anza na maji."

"Maji yanauma. Si baridi tena yale, yana meno. Nimenawa uso nikahisi nimepigwa kofi na mama mkwe. Halafu Cornelia, yule ninayelala naye chumba kimoja, kwaya imempa sauti ya pili. Basi anaimba sauti ya pili tu, peke yake, asubuhi mpaka jioni. Wimbo hauna kichwa! Nimebaki kuujazia kichwa mwenyewe moyoni, nimechoka."

Gaudiosa alicheka mpaka mchanga ukamwagika jikoni. "Na kitabu?"

Hapo uso wa Valeria ulibadilika. Mwalimu wao wa Kiswahili, Mwalimu Eustaki, alikuwa amempa kila mwanachuo daftari la kuandika alivyokihisi kitabu alichosoma. Mara ya kwanza Valeria alinakili maneno ya wanachuo wa mwaka jana, 'mwandishi amefaulu' huku na 'mwandishi amefaulu' kule, kurasa tatu. Daftari likarudi na wino mwekundu: *Huyu ni nani? Mlete Valeria.*

Tangu siku hiyo akawa anaandika alivyo. Kitabu cha pili alikiandikia hivi: kurasa nne mtu anaelezea mawingu, wakati kwetu Kasanga wingu unaliangalia mara moja tu ukajua kama utaanika dagaa au hutaanika. Mwalimu alimpa alama nzuri. Kitabu hiki cha tatu kilikuwa chakavu, hata jalada halikuwepo.

"Lakini hiki, dada Gau, hiki nakipenda mpaka nakichukia," alisema Valeria. "Nimechelewa darasani kwa ajili yake. Nimeunguza maharage kwa ajili yake. Kesho nitakuambia."

Kesho yake hakuja. Alikuja Jumatano, akautupa mkoba chini kama mtu aliyefiwa.

"Kimekatika!"

"Kiatu?"

"Kitabu! Nimesoma usiku na mchana, nimefika ukurasa wa mia na sabini na mbili, mlango unabishwa hodi, nafunua nione ni nani, hola! Hakuna kitu. Uzi tu. Nimekwenda maktaba, wanasema ndicho hicho hicho, hakina mwenzake. Na Ijumaa tunakusanya. Asiyemaliza daftari lake haendi mazoezi ya kufundisha mwezi ujao na wenzake, anabaki chuoni kufagia majani. Mwalimu Eustaki ukimwambia kurasa hazipo anasema kila mwaka kurasa hazipo. Jamani, nitajuaje nani amembishia hodi Siwema?"

Mwiko wa Gaudiosa ukasimama.

"Siwema nani?"

"Si huyo wa kitabuni! Fundi wa kushona. Mume alimwacha miaka tisa, hana barua, hana salamu. Sasa kuna fundi seremala anamtaka, mtu mwema, amemchongea mpaka kigoda. Ndiyo hodi inapigwa. Ni mume? Ni seremala? Dada Gau, karanga zinaungua."

Kweli zilikuwa zinaungua, na Gaudiosa alikuwa anazitazama tu. Siwema. Wiki mbili alikuwa naye kichwani, mwanamke yule mwenye cherehani. Alikuwa ameikuta ile minofu ya kitabu katika rundo, karatasi sita zilizoshikana, akazisoma moja moja kadiri wateja walivyokuja, na moja moja akazikunja. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Karanga huliwa, karatasi hutupwa. Lakini alimtazama yule binti wa ziwani aliyejikunyata ndani ya masweta yake mawili, akaona kunyamaza kutamkaba.

"Ni mume," alisema.

"Nini?"

"Aliyepiga hodi. Ni mume. Amerudi mikono mitupu, anakohoa." Akashusha pumzi. "Vali, usinichukie. Zile kurasa zilikuja kwenye karatasi zangu. Nimezifungia karanga."

Valeria alilitazama rundo la karatasi kando ya jiko.

"Umemfungia karanga?"

"Nimemfungia."

"Siwema wangu?"

"Mimi nilidhani ni wangu."

Upepo ukaburuta jani la mkaratusi katikati yao. Halafu Valeria akaangua kicheko kikubwa, mpaka mama Fransiska muuza mahindi ya kuchoma, upande wa pili wa njia, akageuka kuona kuna nini.

"Basi niambie! Niambie yote, usiruke hata nukta!"

Gaudiosa akamwambia, na hakuruka. Siwema alimpa mume wake maji, akampikia, akamtazama anavyokula. Mezani lilikuwepo gauni la bibi harusi la watu, lina pini bado, limeahidiwa Jumamosi. Mume alikiona kile kigoda kipya pembeni, akauliza ni cha nani. Siwema akainuka, akaenda mlangoni, akashika komeo.

"Halafu?"

"Halafu sijui."

"Dada Gau!"

"Karatasi ya mwisho ndiyo nilikuwa naishika, akaja Babu Tadei. Unamjua, yule mwashi wa zamani. Nimesoma mstari mmoja tu, akaniambia, 'Binti, unaniuzia au unasoma?' Nikaona aibu, nikamimina karanga, nikamkunjia. Wiki mbili sijalala vizuri na mimi. Anafungua? Anafunga?"

Valeria alikuwa tayari amesimama, mkoba begani. "Anakaa wapi huyo babu?"

"Karatasi ya wiki mbili, Vali!"

"Anakaa wapi?"

Gaudiosa akamwachia mama Fransiska jiko, wakaondoka, upepo ukiwapiga kifuani njia nzima. Nyumba ya Babu Tadei ilikuwa ya tofali za kuchoma, ameijenga mwenyewe enzi za nguvu zake. Valeria, kwa haraka zake za chuo, alifika mlangoni akasimama wima kama mlingoti.

"Shikamoo babu, tunatafuta karatasi!"

"Marahaba," alijibu mzee, akaanza kurudisha mlango.

Gaudiosa akamvuta mwenzake kitenge. Wote wawili wakachuchumaa, wakapiga makofi yale ya polepole, viganja vimekunjwa, wakamsalimu mzee kama anavyosalimiwa mzee wa Ufipa, wakamwuliza nyumba, wakamwuliza miguu, wakamwuliza mavuno ya ulezi. Mlango ukarudi wazi wenyewe.

"Sasa," alisema Babu Tadei, "ni karatasi gani hiyo?"

"Ya karanga, babu. Uliyochukua kwangu wiki mbili zilizopita. Uliitupa?"

"Kutupa!" Mzee alishtuka kama ametukanwa. "Binti, karatasi ya karanga hutupi. Ina mafuta kidogo, upepo hauipendi. Mimi nabandika. Njoo uone."

Wakaingia. Dirisha la vioo vinne lililotazama upande wa upepo lilikuwa limepasuka kila kioo, na kila ufa ulikuwa umezibwa kwa karatasi iliyopakwa uji mzito wa sembe. Vilikuwepo mtihani wa hesabu, tangazo la mbolea na kalenda ya Desemba. Na kwenye kioo cha chini kushoto, umenyooshwa vizuri kama shati la Jumapili, ukurasa wa mia na themanini na tatu.

Gaudiosa alipiga kelele. Valeria alipiga kelele zaidi. Babu Tadei akaketi, akasema nyumba yake haijawahi kupata wageni wenye furaha namna hii kwa ajili ya ufa.

Kuibandua hakukuwezekana, uji ulikuwa umekauka ukawa saruji. Upande wa ndani ulisomeka. Upande wa pili, ule wa mia na themanini na nne, ulitazama nje kupitia kioo.

"Wewe baki, usome huu," alisema Valeria. "Mimi naenda nje. Ukimaliza wako ndipo naanza wangu."

"Kwa nini usisome wewe yote?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyekatizwa."

Basi Gaudiosa akapiga magoti mbele ya dirisha, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Nje, uso wa Valeria ulikuwa umebanwa kwenye kioo, pua nyekundu.

"Soma haraka, nakufa huku!"

"Sijui kusoma haraka mimi! 'Siwema a-ka-lifungua komeo. Akamwambia mume wake, Nilikungoja miaka tisa. Sasa ningoje wewe.'"

"Weee!" Valeria akaruka juu huko nje. "Mpe! Mpe huyo!"

Gaudiosa akaendelea mpaka mstari wa mwisho, akagonga kioo. Zamu ya nje. Akamwona Valeria ameinama, macho yanakimbia, midomo inacheza kama yake mwenyewe. Kisha akasikia:

"Hapana! Hapana bwana! Mwandishi gani huyu!"

Gaudiosa akatoka mbio. "Kuna nini?"

"Anaondoka! Siwema anabeba cherehani kichwani, anatoka, kwisha. 'Nyuma yake, mlango ulibaki wazi.' Ndiyo mwisho! Anakwenda wapi? Kwa seremala? Kwao? Na kwa nini aondoke yeye? Nyumba ni yake! Amkimbie mtu anayekohoa?"

Gaudiosa alijipenyeza, akausoma ukurasa polepole tangu juu. Upepo ulimpuliza machozi, akayafuta, akaendelea. Katikati akasimama.

"Vali, hukuona hapa? 'Cherehani kichwani, gauni begani.'"

"Nimeona. Gauni lake."

"Silo lake. Ni lile la bibi harusi, la pini, la Jumamosi. Ukurasa huo huna, mimi ndiye niliyeufungia karanga. Sasa nisikilize. Mtu anayekimbia hachukui nguo ya watu begani. Huyu hakukimbia. Amekwenda kazini. Anataka kulimaliza mahali pasipo kikohozi. Akimaliza, atarudi, na huyo bwana atakuwa amejua kungoja kulivyo."

Valeria alimtazama, akautazama ukurasa, akamtazama tena. Kwa mara ya kwanza tangu aje Sumbawanga alisahau baridi.

"Lakini haijaandikwa kwamba atarudi," alisema, kwa ubishi wa mwisho mwisho.

"Mlango si umebaki wazi?"

Babu Tadei akabandika uso kwenye kioo cha juu, toka ndani. "Huo mstari nausoma kila nikitoka kumwagilia mboga. Mlango ulibaki wazi! Na baridi hii! Mimi namwona huyo mwanamke hana adabu. Angefunga kwanza, ndipo aende kazini."

Wakacheka wote watatu hadi Gaudiosa akashika mbavu. Valeria akaketi pale pale kwenye benchi la mzee, akatoa daftari, akaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi. Aliandika hasira yake, akaandika gauni begani, akaandika na adabu ya mlango, na kila neno akaliandikia jina la aliyelisema. Walipotoka kwa Babu Tadei jua lilikuwa limeshaegemea, na mama Fransiska alikuwa ameziuza karanga zote, hata zile zilizoungua.

Ijumaa daftari likakusanywa. Jumatatu Valeria alikuja mbio getini, hana hata kitenge, daftari limefunguliwa mbele yake kama sinia. Chini ya maandishi yake, wino mwekundu:

*Huyu ndiye Valeria. Uende ukafundishe. Ila na huyo Gaudiosa ni nani?*

"Umemwambiaje?" aliuliza Gaudiosa.

"Nimemwambia ndiye maktaba yetu ya nje."

Akaingiza mkono mkobani, akatoa kitabu. Siku ya kukusanya Mwalimu alikuwa amemwagiza ajaze pengo, naye alikuwa ameziandika zile kurasa kwenye karatasi za daftari kama Gaudiosa alivyozisimulia, pamoja na zile mbili za dirishani, kisha akazishona nyuma kwa uzi mweusi. Mshono ulikuwa mbaya. Siwema mwenyewe angeufumua.

"Maktaba wanakitaka Alhamisi," alisema. "Mpaka hapo ni chako. Na uanze mwanzo, dada Gau. Ole wako nikukute mkiani."

Gaudiosa akapangusa mikono mara mbili kwenye kanga. Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba moja, peke yake, chini katikati. Hakuwahi kuiona namba hiyo kitabuni tangu aache shule.

Saa tano Babu Tadei alikuja kuchukua pakiti zake, upepo wa jana ulikuwa umempatia ufa mwingine. Karai lilikuwa linatoa moshi. Mwenye karai hakuinua kichwa.

"Binti," alisema mzee, "unaniuzia au unasoma?"

"Nasoma, babu. Subiri kidogo."

Mzee akatafakari. Kisha akavuta kigogo, akaketi karibu na jiko, akanyoosha viganja vyake kwenye moto.

"Umefika wapi?"

"Mwanzo kabisa," alisema Gaudiosa, kidole kwenye mstari. "Mlango bado umefungwa."