Goti la Dereva na Seli za Kondoo

Kwa miaka ishirini na sita bibi yule alifanya kazi maabara ya hospitali kuu, akipima uboho wa wagonjwa wa saratani ya damu. Seli shina alizijua vizuri: zile changa ambazo mwilini huzaa seli nyingine. Aliwaona watu wakipandikizwa na kupona, na wengine wakipandikizwa na kuzikwa. Kwa hiyo mumewe, dereva mstaafu wa malori, aliporudi na karatasi inayong'aa akisema goti lake litaota upya kwa sindano tatu, damu ilimchemka.

"Hizo seli zimetoka wapi?"

"Kwa kondoo. Kondoo wa ng'ambo, si mchezo!"

"Na huyo kondoo magoti yake yako salama?"

"Wewe kila kitu ubishi tu."

Akamsindikiza, shingo upande. Kliniki ilikuwa juu ya duka la rangi. Mwenye kliniki alijiita Profesa, na koti lake jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Seli zitajuaje njia ya kwenda gotini?" bibi akauliza.

"Zina akili, mama. Hata nikidunga kwapani zitafika."

Waliokuwa wakisubiri wakaguna kwa heshima. Mwanamke mmoja akamvuta bibi kanga: "Tafadhali, usituvurugie."

Mume akadungwa papo hapo gotini. Bibi akakitia mkobani kichupa cha dawa kilichoachwa mezani, na kesho yake akaenda nacho maabara yake ya zamani. Yeye na aliyemrithi kazi wakaangalia matone yaliyobaki kwa hadubini, wakipokezana. Seli hata moja hawakuiona, ya kondoo wala ya panya. Ni maji tu, na bakteria wanaogelea kwa raha zao.

Alirudi nyumbani mbiombio. Akamkuta mume kanyoosha mguu, goti limevimba kama tikiti, uso unang'aa kwa furaha na homa.

"Zinafanya kazi! Nasikia joto!"

Joto lilikuwa la usaha. Alipasuliwa jioni ile ile, akalazwa siku tisa, na goti halikukunjika tena.

Majirani walipokuja wodini kumjulia hali, mgonjwa aliwaeleza kwa sauti ya mtaalamu: "Seli zilikuwa kali mno. Mwili wangu ndio haukujiandaa."

Bibi akafungua mdomo, lakini jirani mwenye kipara alishamwahi.

"Na nywele, huyo Profesa anaotesha?"

Mumewe, mpira wa dripu mkononi, akaanza kumtajia namba ya simu ya kliniki.