Pumzi Tatu Nilizomfundisha Paskazia

...kaya mia mbili na kumi tulizozitembelea, anasema Paskazia kwenye spika, mia mbili na kumi tu, mimi Mkula nilicheza Mbu mbele ya watu elfu kumi, mabasi yalisimama barabarani, mbu wenyewe walinyamaza wajifunze kuvuma, na hii kamba ya bawa leo imekuwaje, miaka ishirini nafunga mabawa haya kwa mkono mmoja, nimefumba macho, leo hapa nyuma ya darasa la shule ya Namawala haifungiki, ngoja nimsikilize mwanafunzi wangu anisifu kwanza, ndiyo nitokee nikivuma... Paskazia wa Lipangalala, nilimtoa kwenye kuuza vitumbua nikamweka jukwaani, alikuwa anaongea kama anayeomba msamaha kwa kuzaliwa, nikamwambia binti, kabla ya neno zito vuta pumzi tatu, watazame, ndiyo useme, hiyo ni yangu, chuo cha afya hawana, na ndiyo iliyomvalisha lile koti jeupe, mgonjwa anamtazama machoni mpaka anasahau sindano, ni mimi huyo, Kasmiri Mkula, niliyeiona shule nikipita na baiskeli... "tukawauliza, kwa nini hamlali kwenye chandarua?" anasema, "na watu sitini wakatujibu kitu kimoja, Mbu alisema," wanacheka, na mimi nacheka, sitini wananikumbuka, kisha najiuliza, huyo Mbu alisema nini... aa, ile, "nilionja dawa ya chandarua, tangu siku hiyo mke wangu ananiita dada," hiyo haikuwemo kwenye mchezo wa watu wa afya, niliitunga palepale, wingu limeshuka, watu wanaanza kuondoka, nikaitupa, wakarudi wote, mzee mmoja alianguka na benchi lake, yule Msukuma, Kija, alicheka mpaka kanga ikamdondoka, mvua yenyewe ilisubiri... sasa mbona Paskazia anaitaja, mwezi mzima amekuja kwangu na simu inanasa sauti, "shikamoo mwalimu, hebu nieleze ule mchezo neno kwa neno," nikammwagia yote, mke wangu akampikia kambare, nikasema huyu ananiandika, jina langu linakwenda Ulaya, kumbe amekula kambare wangu ananipima kama maji ya kisima, angeniambia palepale, mwalimu ulikosea, mdomo si alikuwa nao, mdomo niliompa mimi... "dada Kija, simama uwaambie," na Kija anasema, sauti yake ile ya kuitia ng'ombe, "mume wangu alikitoa chandarua kitandani akafunikia vifaranga, nikamuuliza, akasema Mbu mwenyewe kasema, mimi sitaki kuitwa dada," wanacheka tena, nyamazeni, nyie watu nyamazeni, "Rosemery wangu akashikwa na degedege, siku nne hospitali hanijui mimi mama yake." "Na sasa?" anauliza Paskazia. "Huyu hapa, ila mguu wa kushoto anauburuta. Vifaranga walikua wote," na sasa hacheki mtu, hata kukohoa hakuna, mimi nimenyamazisha viwanja vyote vya bonde hili lakini ukimya kama huu sijawahi kuupata... si mimi, ni mume wake, mtu mzima anasikiliza mbu, nani amemwambia amsikilize mbu, ila nilitaka wanisikilize, usiku ule nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu leo wameniamini mpaka mwisho... na bawa hili, nikilinyoosha, lingetosha kitanda cha mtoto, nilikikata chandarua kizima ili nimeremete... "aliyewaambia yuko hapa," anasema Paskazia, "ndiye mwalimu wangu, na leo ana neno," neno gani, sina neno, hajaniambia niandae neno, amenifungia mlango na ufunguo nilimpa mwenyewe, na spika imenyamaza, pumzi ya kwanza hiyo, naijua, naihesabu kama yangu, wao wanadhani anawatazama wao, ya pili, kumbe ukiwa upande huu inachoma hivi, ya tatu, sasa atanitaja, sasa... hanitaji, anavuta ya nne, ya nne sikumfundisha mimi, hiyo ni yake, ananisubiri, na kamba bado iko mkononi, na ninachotaka sasa si kuifunga, ni kuyavua mabawa haya.