Kiti cha Milka na Vigari Vitatu vya Meya

Mji wetu wa Brannock hauna daktari wa meno. Hauna duka la viatu. Daraja la chini limefungwa huu mwaka wa nne, eti linachunguzwa, na sijaona anayelichunguza ila njiwa. Lakini mwezi wa kwanza madiwani walikaa, wakanywa kahawa yetu, wakanyoosha mikono, wakanunua vigari vitatu vipya vya kuwakamata walioegesha vibaya.

Nilikwenda kuviona siku vilipoletwa. Vyeupe, vya umeme, magurudumu matatu, nafasi ya mtu mmoja, kama friji lililoota madirisha. Juu ya paa kuna kamera inayogeuka huku na huku kama bundi, inasoma namba za magari. Mimi nimefanya kazi kwenye tanuru la chuma miaka thelathini na nne, na shule niliiacha mapema, lakini nilimwuliza meya, Curtis Bledsoe, "Hivi magurudumu matatu yatapanda vipi vilima vyetu kwenye theluji?"

Akanicheka kwa upole, kama wanavyocheka watu wa ofisini. "Bwana Emil, haya ni mambo ya kisasa."

Huyu Curtis kabla ya siasa alikuwa akiuza mabwawa ya kuogelea, katika mji wenye baridi miezi sita. Na watu walinunua. Kisha wakampigia kura.

Vigari peke yake ningevisamehe. Lakini kikao kilekile walipitisha na jambo la pili: viti vyote viondolewe barabarani, eti ni takataka.

Kwetu, ukishaichimbua nafasi ya gari lako kwenye theluji kwa mgongo wako mwenyewe, unaweka kiti. Kiti kikikaa pale, nafasi ni yako mpaka urudi. Haijaandikwa popote na haina haja ya kuandikwa. Nimewaona wanaume waliovunjana pua harusini wakizunguka mtaa mara tano kutafuta pa kuegesha, kuliko mmoja wao aguse kiti cha mwenzake.

Changu ni kiti cha jikoni, miguu ya bomba, pa kukalia plastiki ya manjano iliyopasuka na kuzibwa kwa utepe mweusi. Vilikuwa vinne, kimebaki hicho. Mke wangu Milka alikuwa akikikalia kumenya viazi na kubishana na redio. Alipika hospitalini miaka ishirini na sita, akirudi saa tisa alasiri miguu imemvimba. Kila majira ya baridi nilimchimbia nafasi mbele ya mlango na kuweka kiti hicho, asije akaegesha bondeni na kupanda kilima kwa miguu.

Milka alikufa mwaka juzi. Gari nikaliuza theluji ilipoyeyuka. Nafasi bado naichimba. Mtaani wanasema mzee Emil kachanganyikiwa, hana hata baiskeli. Waseme. Theluji ikianguka nachimba, naweka kiti, na saa tisa natazama dirishani. Sitegemei kitu. Natazama tu.

Sasa Jumanne akaja Rosalind Pukach na kigari kimojawapo. Binti wa nyumba ya tatu kutoka kwangu; Milka ndiye aliyemfundisha kuendesha gari. Amevaa sare mpya ya mji.

"Mjomba Emil, usinitazame hivyo."

"Nakutazamaje?"

"Kama nimekuja kukuibia."

"Umekuja kufanya nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Kuchukua kiti."

"Basi nimekutazama sawasawa."

Alikishika huku amefumba macho, kama mtu anayetoa panya mtegoni. Akafungua mlango wa kigari, akajaribu kukiingiza kwa miguu, akajaribu kwa mgongo. Ndani mlikuwa na nafasi yake yeye na chupa yake ya kahawa.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Wamenunua gari la kukusanyia viti, na kiti hakiingii?"

"Mjomba, naomba usianze."

"Sijaanza. Madiwani ndio walioanza."

Akakifunga juu ya paa kwa kamba, miguu juu, kamera katikati. Nikamwambia, "Kaza vizuri, Shangazi yako Milka asije akaanguka." Machozi yakamtoka. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Kitakuwa ghalani," alisema. "Kuna fomu ya kukidai. Kurasa mbili."

"Sijazi fomu ya kiti changu."

Akateremka kilima polepole, kamera yao ya kisasa ikisoma miguu ya kiti cha marehemu mke wangu.

Siku mbili sikulala vizuri. Mezani palikuwa na pengo, na barabarani pengo. Alhamisi asubuhi theluji ikaanguka tena, nikachimba nafasi kama kawaida na kubaki nimesimama na koleo, sina cha kuweka. Ndipo jirani yangu Tess Wojnar, mwanamke mwenye sauti ya king'ora, akaniita akitoka sokoni.

"Emil! Kiti chako kiko mbele ya ofisi za mji."

"Kiko ghalani."

"Barabarani, we mzee! Kimewekewa nafasi!"

Niliteremka kilima bila glavu. Ni kweli. Chini ya bendera, mbele ya ngazi za ofisi, theluji ilikuwa imechimbwa safi mpaka lami ikaonekana, na katikati kimekaa kiti cha Milka, utepe mweusi na yote. Pembeni amesimama mpiga picha wa gazeti, maana siku hiyo vigari vilikuwa vikizinduliwa. Lori jekundu lilikuwa linazunguka kutafuta pa kusimama. Dereva alikitazama kiti, akapita.

Nikanyoosha mkono nikichukue niende zangu. Mkono ukakataa.

Miaka arobaini nimewaambia watu wa mji huu kwamba anayeondoa kiti kwenye nafasi ya mtu hana adabu wala ukoo. Kiti kilikuwa changu. Nafasi haikuwa yangu, sikuichimba mimi. Nilisimama pale kama mjinga, watu wanatazama. Nikafanya lililobaki. Nikakaa.

Haukupita muda kigari cha Rosalind kikaja, kikisukumwa na watu wawili wa posta, kwa sababu kilima kilikuwa kimekishinda. Akapiga honi. Honi yenyewe inalia kama bata.

"Mjomba! Hapo ndipo ninapoegesha!"

"Egesha. Mimi nimekaa tu."

Curtis akatoka ofisini na tai yake, bila koti. "Bwana Emil, tafadhali. Watu wa gazeti wamefika. Toka kwenye hiyo nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Ya mji."

"Nani kasema?"

"Nani kasema? Si unaona tumechimba, tumeweka..."

Tess, aliyekuwa amenifuata nyuma na mboga zake, akapaza sauti. "Malizia, baba! Mmeweka nini?"

Curtis akatazama kamera ya gazeti, akatazama kiti. Niliuliza, "Nani alikiweka?"

"Si mimi!" Rosalind akapiga kelele kutoka ndani ya friji lake.

"Nilichimba mwenyewe tangu saa mbili asubuhi," Curtis akasema, uso mwekundu. "Mara mbili nimeingia ndani kupasha mikono, mara mbili nimekuta mtu kaegesha. Ningefanya nini?"

"Kwani sisi huwa tunafanya nini?" Tess akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Huyu meya ni mtoto wa hapahapa, tatizo lake ni kwamba ofisi ilimsahaulisha. "Mama yako alikuwa akiweka ubao wa kupigia pasi," nilimwambia.

"Wa maua ya bluu," akasema taratibu.

"Kuna mtu aliwahi kuugusa?"

"Hakuna."

"Basi niambie mbele ya watu. Hiki nilichokalia ni takataka, au ni kiti?"

Kabla hajajibu, lile lori jekundu likarudi. Dereva akatoa kichwa. "Jamani, kama hiyo ni takataka, niingie?"

"Hapana!" Curtis akaruka na mikono yote miwili.

Nadhani hata njiwa wa darajani waliisikia ile hapana. Nikasimama, nikajikung'uta suruali. "Nimekusikia, bwana meya. Sasa kiondoe wewe uliyekiweka. Mimi sigusi kiti kwenye nafasi ya mtu."

Akakinyanyua, akanikabidhi. Hapo ndipo mpiga picha akabonyeza. Gazeti likatoka na picha ya meya akimpa mzee kiti cha jikoni, na kigari hakionekani ila gurudumu moja.

Sheria haijafutwa. Wanasema wanaitazama, kama wanavyolitazama daraja. Ila mtaani kwetu hawajarudi kukusanya.

Nilikibeba kiti kupanda kilima, nikipumzika njiani kwa kukikalia. Nafasi niliyochimba asubuhi ilikuwa wazi mchana kutwa, haina alama yoyote. Magari yalikuwa yamejaa kushoto na kulia, moja limepanda mpaka kwenye ua wa Tess. Pale hakuna aliyeegesha. Nikaweka kiti nikaingia ndani haraka, kwa sababu ya baridi.

Jumatano iliyofuata, saa tisa, nilikuwa dirishani. Kigari kikaja kikihema, kikafa mbele ya nyumba yangu. Betri na baridi haviivani. Rosalind akashuka, akaitazama nafasi, akakitazama kiti. Akarudisha mikono mfukoni.

Nikatoka. Nikakiondoa mwenyewe.

"Sukuma, binti."

"Mjomba, una hakika?"

"Sukuma kabla sijabadili mawazo. Na umwambie Curtis lami nimechimba mimi."

Kilienea, kikaacha nafasi ya vingine viwili. Nikaingiza kiti jikoni, nikampakulia supu ya kabichi. Alikuwa anachechemea, miguu imemvimba ndani ya viatu vya mji. Akataka kukikalia kile cha manjano. Nikamwangalia.

Akavuta ndoo.