Upele wa Reijo

Watu wengine humwomba Mungu awaepushe na upele. Aila aliuomba uje. Kila Jumamosi, ndani ya sauna yao, kibanda cha mbao cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, pale Sudbury, Kanada, alimgeuza mumewe na kumkagua mgongo.

"Vipi, kuna kitu?"

"Hakuna. Mweupe kama unga."

"Basi wananilisha chaki hao," Reijo alisema, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Hospitali iliwaeleza wazi. Reijo atapata matibabu ya kawaida ya saratani ya mapafu, dripu na mionzi. Juu yake ataongezewa kidonge cha majaribio, au kingine cha kufanana nacho kisicho na dawa ndani. Nani anapewa kipi, hata daktari hajui. Ila wengi wanaopata dawa yenyewe hutokwa na upele. Neno hilo ndilo lililomnyima Aila usingizi. Reijo, mchimba madini ya nikeli mstaafu asiyewahi kuogopa shimo la mgodi, alikuwa ameanza kukataa chakula, na Aila alijua maana yake: anakata tamaa.

Alhamisi asubuhi ukasikika ukelele chumbani. Aila alikimbia roho mkononi.

"Ona! Kifuani! Na huku mabegani! Nawashwa, mama wee, nawashwa kweli!"

Alikuwa anacheka. Alikula mayai, akaongeza mkate, akampigia simu dada yake kumringia. Aila alicheka naye mpaka machozi yakamtoka.

Mchana, aliposhuka kufua, alijikuta anajikuna. Akapandisha mkono wa sweta. Vipele vyekundu, vilevile. Akalitazama boksi la sabuni kwenye rafu: jipya, la aina nyingine, alilolinunua wiki ile baada ya kuikosa ya kawaida dukani. Akakaa juu ya kapu la nguo.

Jumamosi Reijo aliingia sauna akipiga mluzi.

"Aila! Unangoja nini? Njoo uone mgongo!"

Tangu waoane hawakuwahi kuoga mbalimbali.

"Leo kichwa kinaniuma, mzee wangu. Oga tu."

"Kichwa gani! Sema unaona wivu, upele huna!"

Aila alikaa nje kwenye ngazi, sweta limefungwa hadi shingoni, akilia kimyakimya. Kwenye kamba, mashati ya Reijo yalikuwa yanakauka. Alikuwa ameyafua tena kwa sabuni ileile.