Pete Zilizopata Mgeni

Sosthenes alirudi Kalenga akiwa mgonjwa. Mkobani mwake mlikuwa na kichupa cha unga mweupe, kimezibwa kwa pamba. "Mama, hiki nitakipima nikipona," alisema. Hakupona.

Yusta hakusoma kemia, ila mwanawe alikuwa amemweleza wakiota moto jikoni: unga ule ni fuwele zenye vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina pete. Zebaki ya wachimba dhahabu wa Makongolosi, ikiwa ndani ya maji ya kisima, inanaswa mle peteni.

"Miaka yote ya chuo, kumbe unaijengea zebaki gesti?" mama alimtania.

"Gesti ya mgeni mmoja kila chumba, mama. Wa kwanza kufika ndiye analala."

Nguo za marehemu haziguswi mpaka ndugu wakutane kuzigawa. Yusta alizikunja, akazifungia sandukuni pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Kichupa akakilaza katikati ya mashati, mahali salama kuliko pote nyumbani.

Ndipo Masanja, mwenzake Sosthenes wa maabara, alipopiga simu kutoka Mbeya. Kila walipojaribu kutengeneza unga ule, ulitoka tope. Kilichobaki ni kichupa hicho tu. Kikinasa zebaki, kazi ya Sosthenes itaendelea, kisiponasa, itafungwa.

Yusta alipanda basi, kichupa kifuani.

Masanja alimwamkia, akachomoa pamba, akasita.

"Mama, mbona kinanuka kabati?"

"Si kabati, baba. Sanduku la nguo zake."

Walikipima. Zebaki ilipita kama maji juu ya jani la gimbi. Harufu ya vidonge ilikuwa imejaa mle peteni. Masanja aliupasha unga moto ili kuitoa. Ikatoka kweli, lakini kuta za vyumba zikaanguka nayo.

"Hukujua, mama. Hatukukwambia."

"Aliniambia mwenyewe," Yusta alisema. "Wa kwanza kufika ndiye analala."

Siku ya kugawa nguo, Esnath, shangazi yake marehemu, aliinua shati dirishani.

"Wifi, umetunza! Hata tundu moja hakuna."

Yusta aliitikia kwa kichwa. Akafungua kichupa alichorudishiwa na Masanja, akakinusa. Hakikunuka chochote.